Nywele Alizonisuka Bibi

Nilifanya kazi za ndani Hamugembe, pale Bukoba mjini, kwa mama mmoja mjane niliyemwita Bibi. Naandika jinsi ninavyokumbuka. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo penye makosa ni mimi, si yeye.

Bibi alizaliwa Tanga, akaletwa Bukoba na ndoa. Alinihadithia mwenyewe tukimenya ndizi kwamba, alipofika, watu wakimsalimia walimalizia na "waitu". Yeye akasikia "wetu". Akamwambia mumewe kwa furaha, "Watu wa kwenu wakarimu, hata sijazoea njia ya sokoni nimeshakuwa mtu wao!" Mume akacheka mpaka akakaa chini. Akamweleza kwamba hilo ni neno la Kihaya la kumheshimu mtu, la kumwambia mkubwa, na zamani hata wafalme waliitwa hivyo.

"Nikanuna," Bibi alisema. "Nataka kuwa wao, kumbe wananiheshimu tu."

Nami nilimwita waitu, maana ndivyo nilivyolelewa kwetu Buganguzi. Kila nikimwita ananitania: "Wetu nani? Malizia!"

Basi wiki moja ya mvua kaka yangu alinipigia simu. Miguu ya mama imegoma, hawezi kushuka shambani wala kuchota maji, na wake za kaka zangu wana watoto wachanga. Niseme haki, hakunilazimisha. Alisema, "Angalia mwenyewe." Hapo ndipo pagumu. Bibi alikuwa na mimi tu pale nyumbani. Binti yake yuko Mwanza, na alipiga simu mara kwa mara, sisemi kwamba alimtupa mama yake. Lakini simu haimshiki mtu mkono akienda msalani. Nikawa naahirisha kumwambia.

Mchana mmoja tukawasha televisheni tukakuta filamu ya wazungu wa zamani. Jumba kubwa, mabwana wanaishi juu, watumishi wako chini jikoni, na ukutani kuna kengele za kuwaitia. Msimulizi wa Kiswahili alikuwa anaongea juu ya sauti zao, na kila mtumishi akimwita bwana wake kwa heshima, yeye anasema "bosi".

"Bosi!" Bibi akafyonza. "Kama wako gereji."

"Angesemaje, Bibi?"

"Waitu! Huyu mtafsiri hajafika Bukoba."

Tukacheka. Kisha akaniangalia nilivyokaa mkekani. "Na wewe unakaa chini kama hao. Kochi lina miiba?"

"Nimezoea, Bibi."

Kweli nilizoea. Hakuwahi kunikataza kochi, na tulikula sinia moja. Kengele hatukuwa nayo, ingawa jina langu lilifanya kazi hiyohiyo. Sijui kama ni vizuri kuandika hivyo, lakini si uongo.

Mle ndani ya filamu mtumishi mmoja wa makamo alikuwa anamchana bibi mwenye jumba nywele mbele ya kioo. Akamwambia anaondoka, anarudi kwao. Yule bibi hakugeuka. Alisema tu, "Ukitoka, funga mlango." Labda aliumia. Mgongo hauonyeshi kitu. Ila mimi machozi yalinitoka.

"He! Unamlilia mzungu?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa?"

Nikamwambia. Nilianzia katikati, kwenye miguu ya mama, nikachanganya na Kihaya. Akazima televisheni.

"Nani atanipashia maji ya udhu?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe. Halafu akajishika mdomo. "Astaghfirullah. Mama yako hatembei, mimi naulizia maji." Akanyoosha mkono, nikaushika.

Asubuhi ya kuondoka aliniita barazani. Ana kitana na mafuta ya nazi. Nikafikiri anataka nimsuke, kama nilivyozoea kila Ijumaa. Nikasimama nyuma yake.

"Wapi huko? Kaa hapa." Akanivuta katikati ya magoti yake. "Huendi kwa mama yako kama kuku aliyenyeshewa."

Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Mistari ikaenda kama njia za mbuzi. Mahali pamoja akavuta mno, nikaruka.

"Inauma, waitu?"

Hakuwahi kuniita hivyo. Nikajaribu utani wake: "Wetu nani? Malizia."

"Nimemaliza," akasema, akaendelea kusuka.

Baadaye binti yake alikuja kumchukua. Nasikia anatunzwa vizuri, na nasadiki.

Siku ile nilipofika Buganguzi, mama alinipapasa kichwa kabla hata ya kunikaribisha. "Nani kakusuka hivi? Kipofu?" Akataka anifumue pale pale, mikono yake bado ilikuwa na nguvu.

Nikamwambia aziache.