Breki za Shemeji

Mume wangu ni kinyozi. Ukishakaa kwenye kiti chake na kufungwa kile kitambaa shingoni, kichwa ni chako lakini masikio ni yake, na huwezi hata kutikisa kichwa kumkatalia maana wembe uko kooni. Wateja wanamwita Kona. Jina hilo alijipa mwenyewe zamani, kwa kujisifu, kabla kona haijamshinda na kumrudisha nyumbani na nyuzi kwenye paji la uso. Nasimulia haya nikiwa na hasira, na asiyependa hasira yangu aende akasikilize upande wake kwenye kile kiti.

Ana gari la spoti, jekundu, la milango miwili, la chini kiasi kwamba ukitaka kushuka lazima kwanza utafute pa kushika. Alilinunua likiwa gamba tupu, akaliunga kidogo kidogo mpaka likanguruma. Jumapili yeye na wenzake, muuza nyama, mwalimu wa hesabu na wengine wa aina hiyo hiyo, hukutana kwenye uwanja wa ndege wa zamani ambao ndege hazitui tena, wakakimbizana mpaka matairi yanuke. Kombe hakuna. Mshindi hupigiwa makofi na walioshindwa, kisha kila mtu anarudi kwake na vumbi lake.

Sikumkataza. Mtu anayeinamia vichwa vya watu wiki nzima ana haki ya kunyoosha mgongo siku moja. Tatizo lilianza alipoingiwa na ugonjwa wa kupunguza uzito. Si wa mwili wake, wa gari. Mtu alimwambia gari jepesi hukimbia zaidi, basi ikawa kila jioni anang'oa kitu. Kiti cha nyuma kikaja sebuleni, na mpaka leo wageni wetu wanakikalia magoti yakiwa yamekaribia kidevu. Zulia lake liko chini ya kitanda cha mama mkwe. Redio iko jikoni, kisahani cha majivu kinashika pini zangu za kushonea. Alitoa kila kitu kwenye lile gari isipokuwa kitambi chake.

Siku chache kabla ya ajali aliniletea na mimi changu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na meza yangu ya kupigia pasi ilikuwa imeungua alama za pasi kama nyayo. Akaingia na bamba la chuma jembamba, limekunjwa ukingo, kona moja imekatwa mshazari, na matundu mawili upande mmoja. "Mke wangu, nimekuletea zawadi," alisema. "Wekea pasi hapa, hata iwe moto vipi meza haitaungua." Na kweli haikuungua. Nilifurahi jamani. Nikamwambia jirani yangu kwamba mwanamume huyu, pamoja na wazimu wake, ananikumbuka.

Jumapili ya wiki hiyo hiyo akaikosa kona. Gari lilipitiliza, likavunja rundo la matairi, likagonga ukuta wa saruji na kukunja uso. Boneti ilisimama, rejeta ikapasuka, kioo cha mbele kikamwagika mapajani mwake. Yeye mwenyewe alitoka na mchano wa juu ya jicho tu, na nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka muuguzi akaniomba ninyamaze.

Kesho yake akafungua saluni akiwa na plasta usoni. Mteja wa kwanza akamuuliza, "Kona, kulikoni?" Naye akajibu maneno mawili tu: "Breki za shemeji."

Shemeji yake ni kaka yangu. Ni fundi magari, ana gereji ndogo nyuma ya soko, na jina lake lote limesimama kwenye breki. Ukimpelekea gari la breki hakurudishii mpaka yeye mwenyewe alipande, ashuke nalo mteremko wa kanisani na kulisimamisha chini kabisa, penye watu. Shule ya wasichana ilimpa mabasi yake kwa sababu ya ule mteremko. Breki za gari la Kona alikuwa amezitengeneza mwezi mmoja nyuma, bure, kwa ushemeji, na mpira mpya wa kupitishia mafuta akaufunga yeye.

Maneno yale mawili yalizunguka kwenye saluni kama nywele zinavyozunguka kwenye feni. Kila kichwa kilichonyolewa kilitoka nayo. Mkuu wa ile shule hunyolewa pale pale, naye ana haki ya kuogopa, maana amebeba watoto wa watu. Akayaondoa mabasi. Wenye teksi nao wakaondoka, mmoja mmoja, bila kuaga, wakipita barabara ya juu ili wasikutane macho na fundi.

Nilimwendea kaka. Nilimkuta amekaa juu ya tairi, gereji imefagiliwa, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, hakuna hata gari moja. Ndevu zilikuwa zimemjaa, kwa sababu miaka yote kinyozi wake ni Kona na hakutaka kwenda kwa mwingine.

"Kaka, kwa nini humjibu?"

"Dada, nikijibu nitagombana na baba wa wapwa zangu. Nikinyamaza nitagombana na njaa. Bora njaa, haina watoto."

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Akatazama mikono yake. "Wateja watarudi au hawatarudi," alisema. "Kinachonitesa ni kwamba sikumbuki kukaza ile nati ya mwisho. Nimekaza maelfu, dada. Ile moja nikiitafuta kichwani siioni. Sasa hata nikifunga mlango wa nyumba narudi kuujaribu."

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, na huko nilimkuta Kona anaimba.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika mguu malishoni hukimbilia zizini. Zizi lilikuwa uani kwangu, chini ya kamba yangu ya nguo. Gari lile lililalia mawe, uso umebonyea, na mume wangu analizunguka na nyundo kuanzia anapofunga saluni mpaka giza linapoingia. Alitaka kunyoosha chuma cha mbele, akafunga mnyororo kwenye nguzo ya baraza letu na kuuvuta kwa winchi ya kuazima. Chuma hakikunyooka, ila nguzo ilipata ufa. Alipiga msasa mpaka vumbi la pati, ile ya kuzibia mabonde ya bodi, likaingia kwenye cherehani yangu. Alinyunyiza rangi siku ya upepo, na blauzi za sare nilizokuwa nimeanika zikatoka na madoa mekundu kana kwamba wanafunzi wamepigana. Mama mkwe alitoka, akatazama, akasema, "Mwanangu, hata ulipokuwa mdogo ulikuwa unavunja ndani na kutengenezea nje." Kisha akarudi kulala juu ya zulia lake.

Na wageni! Kila aliyekuja kutoa pole alipelekwa kwenye gurudumu la mbele, akaonyeshwa kwa ncha ya spana. "Breki za shemeji." Mbele yangu, kwenye uwanja ninaoufagia mimi, kaka yangu alitajwa kama mwizi. Nilimwambia anyamaze, akanijibu nisichanganye undugu na ufundi. Siku hiyo nilimpakulia chakula na kumwekea sahani uani, juu ya boneti, akale na mwenzake.

Jumapili moja mchana nilikuwa napiga pasi barazani. Yeye alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, anafunga mpira mpya wa breki. Alihangaika, akatukana. Kisha sauti ikatoka, laini kuliko kawaida yake.

"Mama watoto, huna kipande cha jinzi kizito?"

"Cha nini?"

"Cha kufungia huu mpira. Umekaa karibu na ekzosi, usije ukaungua tena."

Niliisimamisha pasi. "Uliungua lini mara ya kwanza?"

Miguu ikatulia. Hata vidole viliacha kucheza.

Nilichukua tochi, nikalala chali kwenye vumbi nikiwa na gauni langu la kazini, nikajisogeza mpaka kichwa changu kikawa karibu na chake. Nilimulika ile ekzosi, bomba la moshi. Kati ya bomba na ule mpira kulikuwa na sehemu ya chuma iliyokuwa safi, bila kutu, huku pembeni kote kumejaa masizi. Ilikuwa na ukingo ulionyooka, kona moja mshazari, na matundu mawili ya bolti. Mimi hukata vitambaa kwa kufuata pateni kila siku ya maisha yangu. Umbo lile nilikuwa nimetoka kuliwekea pasi dakika ile.

Nilitoka, nikalichukua bamba kwa kitambaa maana lilikuwa bado la moto, nikarudi chini na kulipachika. Matundu yalikutana na matundu. Kona akatazama upande mwingine, na upande mwingine kulikuwa na tairi tu.

"Ulilitoa lipunguze uzito," nilisema.

"Ni jembamba lile. Nilidhani halina kazi."

"Na mpira ulioungua uko wapi?"

"Niliutupa."

"Lini?"

"Siku ile ile. Gari lilipofikishwa nyumbani niliinama nikauona, umeyeyuka upande mmoja."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata miguu. Kukosea nakujua, hata mimi nimewahi kushona mkono wa kushoto kulia. Lakini huyu alijua tangu siku ya kwanza. Alijua alipomnyoa mkuu wa shule. Alijua nilipoliweka bamba mezani kila asubuhi na kulisifia kwa jirani, akapita pembeni yangu na kusema "habari ya kazi". Zawadi yangu ilikuwa breki za kaka yangu.

"Kwa nini?" nilipiga kelele, na kuku wa jirani wakakimbia.

"Ningewaambia nini watu? Kwamba mimi Kona nimejing'olea breki kwa mkono wangu?"

"Kwa hiyo ukang'oa za kaka yangu!"

Alianza kutapatapa. Atamwendea shemeji taratibu, jioni, wayamalize kindugu, mambo ya ndani yabaki ndani. Nikamwambia hapana. Ulimtukana hadharani, utamsafisha hadharani. Mahali ulipomwaga maneno ndipo utakapoyazoa. Mpaka hapo bamba ni langu, ni zawadi, na gari halitoki uani bila bamba.

Jumamosi iliyofuata saluni ilijaa, benchi zima limekaliwa na mkuu wa shule yumo. Niliingia, nikakaa mwisho wa benchi, bamba mapajani. Kona aliniona kwenye kioo. Alimnyoa mteja mmoja akizungumzia mpira wa miguu. Akamnyoa mwingine akizungumzia mvua. Kila akimaliza kichwa nililigonga bamba kwa mkasi wangu, taratibu, naye anaruka.

Kaka aliingia mchana. Nilikuwa nimemtumia ujumbe aje anyolewe, basi. Kiti kilikuwa kitupu, akakikalia, akafunga kitambaa mwenyewe.

"Ndevu zote, shemeji," alisema. "Kwa wembe."

Kona alimpaka povu. Akafungua wembe, akauleta kwenye koo la kaka yangu, na mkono ukaanza kumtetemeka kiasi cha watu wote kuona.

"Shemeji, unatetemeka," kaka alisema bila kufungua macho. "Mimi nilipokufungia breki sikutetemeka. Au nilitetemeka? Niambie wewe."

Kona aliushusha wembe. Akaizima redio ya saluni. Akageukia benchi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alitafuta maneno.

"Jamani. Breki zilikuwa nzima. Kulikuwa na bamba la kuzuia moto wa ekzosi, nikalitoa mimi, mpira ukaungua. Lile pale, mke wangu kalishika. Na nilijua tangu siku ya kwanza."

Mkuu wa shule alitazama viatu vyake. Nilimtazama mume wangu na sikumhurumia hata kidogo, na kama kuna mtu aliyetarajia nilie, pole yake.

Kaka alifungua macho. Povu lilikuwa linamdondoka kidevuni kuingia kwenye kitambaa. Hakuuliza habari za mabasi, wala za wenye teksi, wala za kuombwa radhi. Alimtazama Kona kupitia kwenye kioo.

"Ile nati ya mwisho," alisema. "Nilikaza?"

"Ulikaza."

"Uliiona mwenyewe?"

"Nimeifungua mwenyewe, shemeji. Ilinitoa jasho."

Kaka alipumua kwa kishindo, mabega yakashuka. Kisha akaegemeza kichwa nyuma, koo wazi, akafumba macho.

"Haya," alisema. "Nyoa."