Sukari ya Kapu Kubwa

Bi Hindu Athman hakununua kitu kwa sababu tu kimewekwa mbele yake. Kila Jumanne, akishamaliza kuuza mahamri na mbaazi za asubuhi na kuosha masufuria, alivaa buibui lake, akachukua kikapu cha ukili na kwenda kuzizunguka supamaketi tatu za mjini Malindi. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa macho tu. Alisimama mbele ya rafu, midomo ikimcheza kwa hesabu, akasoma bei ya unga, mafuta, sukari na sabuni, akatoka mikono mitupu akaenda ya pili, kisha ya tatu. Ndipo aliporudi kununua kila kitu pale kilipokuwa nafuu. Walinzi wa milangoni walishamzoea. Mmoja tu, wa supamaketi ya Kapu Kubwa, alimpekua kikapu kila alipotoka, na kila mara Bi Hindu alimwambia, "Tazama vizuri, mwanangu, huenda nimeficha friji."

Alianza mtindo huo mwaka ule bei zilipopanda zikasahau kushuka. Wapishi wenzake walipunguza mahamri, yakawa madogo hata mtu akila matatu haoni kitu tumboni. Bi Hindu alikataa. Wateja wake wengi walikuwa vibarua waliodamka kwenda Marereni kwenye mashamba ya chumvi, na hakuona kwa nini mtu wa kazi nzito atoe pesa zile zile kwa donge dogo.

"Siku nitakayopunguza nitamwambia mtu nimepunguza," alisema. "Simfanyi mjinga."

Kwa hivyo hakupunguza mahamri, aliongeza mwendo wa miguu. Na wanawake wa mtaani kwake, Shela, walijua faida ya miguu hiyo. Jumanne alasiri aliwatumia ujumbe wa sauti kwenye simu: "Salaam aleikum jamani. Unga wa ngano msiuguse kule kwenye ghorofa, wameongeza shilingi tano kimyakimya. Mafuta yako nafuu pale karibu na soko." Zainab, jirani yake wa mlango kwa mlango, alikuwa hanunui hata kiberiti kabla ya kuisikia sauti hiyo.

Jumanne moja ya mwezi wa Shaabani, Ramadhani imekaribia na kila nyumba inataka sukari, aliikuta Kapu Kubwa imepanga pakiti nyeupe za karatasi mlangoni, mlima mzima. Juu yake pametundikwa ubao mwekundu: OFA. SUKARI KILO MOJA, SHILINGI 139. Kwenye zile supamaketi mbili nyingine ilikuwa mia na hamsini. Ilikuwa sukari ya magunia, supamaketi imeipakia yenyewe na kubandika jina lake. Bi Hindu aliuzunguka mlima ule mara mbili. Akasoma kibandiko: kilo moja. Akanunua pakiti kumi, na hapo hapo mlangoni, kikapu kikimvuta bega, akatuma sauti.

"Jamani, acheni mlifanyalo. Sukari Kapu Kubwa ni mia na thalathini na tisa. Nendeni sasa hivi kabla haijaisha."

Wakaenda. Zainab peke yake alibeba pakiti kumi na mbili, za futari ya mwezi mzima.

Alhamisi jioni, akijitayarisha kukanda unga wa kesho, Bi Hindu alimimina pakiti moja kwenye mkebe wake wa sukari. Mkebe ule alikuwa nao miaka tisa, na kilo moja iliujaza mpaka shingoni. Safari hii sukari iliishia vidole viwili chini. Aliutikisa mkebe. Akaugonga juu ya meza. Akaumwaga wote ndani ya bakuli, akafungua pakiti ya pili, akamimina tena. Vidole viwili.

Alitoka na pakiti tatu ambazo hazijafunguliwa akaenda dukani kwa Mbaruk, ubavuni mwa msikiti. Haikuwa rahisi kwake kuingia pale. Tangu alipoanza safari zake za supamaketi hakuwa amenunua sukari kwa Mbaruk, na mara moja, mbele ya watu, aliwahi kumwambia kwamba bei zake ni za kuwatisha watoto.

"Bi Hindu!" Mbaruk alisema. "Leo umepotea njia?"

"Nina haja na mizani yako, sina haja na maneno yako. Nipimie hizi."

Mbaruk akaweka pakiti ya kwanza. Gramu mia nane na themanini na mbili. Ya pili, mia nane na sabini na tano. Ya tatu, mia nane na themanini na tatu, pamoja na karatasi yake. Alikuwa amejiandaa kucheka, lakini aliutazama uso wa Bi Hindu akaacha. Akachukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya boksi la majani ya chai.

"Kilo kamili ya sukari hii," alisema taratibu, "umeinunua kwa shilingi mia na hamsini na nane. Mimi ghali ninayewatisha watoto nauza mia na hamsini na tano."

Bi Hindu alihisi masikio yakimwaka moto. Kuibiwa yeye mwenyewe angekuvumilia, kwani nani hajawahi kuibiwa? Kilichomchoma ni kwamba walimtumia mdomo wake. Sauti aliyoituma pale mlangoni, kwa furaha kama mtoto aliyeokota senti, ndiyo iliyowapeleka wanawake wa Shela mtegoni, wengine kwa pesa za kufulia watu nguo. Wenye Kapu Kubwa hawakuhitaji kulipia tangazo redioni. Walimpata yeye, tena bure.

Asubuhi ya pili, mahamri ya mwisho yalipotoka, alijitia njiani. Zainab alimfuata na pakiti zake ndani ya ndoo. Pale Kapu Kubwa mlima wa sukari ulikuwa umesimama vile vile, na watu wanachukua.

Meneja aliitwa akaja. Jina lake Eugene, kijana wa tai nyembamba na viatu vinavyong'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nieleze, mwanangu, hapa kwenu kilo moja ina gramu ngapi?"

Eugene alizitazama pakiti, akatabasamu kama anayemhurumia mgonjwa. "Mama, sukari hukauka ikikaa. Unyevu ukishatoka, uzito nao hupungua kidogo. Ni jambo la kawaida."

"Hukauka?" Bi Hindu alipaza sauti hata keshia wa mwisho akageuka. "Kwani sukari ni papa, ianikwe juani iwe ng'onda? Miaka thelathini napika mji huu. Kwa upepo huu wetu wa bahari sukari hunywa maji, haiyatoi! Ukiiacha wazi usiku mmoja unaikuta imeshikana bonge. Nyinyi mna sukari gani inayokauka nusu robo nzima ndani ya siku mbili?"

Watu walianza kusimama. Eugene alisogea karibu, akapunguza sauti. "Tuzungumze ofisini, mama yangu. Nitakupa pakiti mbili juu yetu, na kopo la mafuta."

"Mmeuza mbele za watu, tutazungumza mbele za watu."

Tabasamu likamtoka Eugene. Aligeukia mlango wa ghala akaita, na msichana akatoka, aproni imemjaa vumbi la sukari mpaka kwenye kope. Aliitwa Hope, na alikuwa ametoka kwao Magarini miezi minne tu iliyopita kuja kufanya kazi ile.

"Huyu ndiye anayepakia," Eugene akatangaza. "Ni uzembe wake. Hope, unawaibia wateja wetu?"

Hope alitazama chini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, akimwelekea Bi Hindu wala si meneja, "Mimi nilipewa kopo, mama. Nikaambiwa kila pakiti kopo moja, nisijaze zaidi. Niliuliza mizani iko wapi, nikaambiwa mizani inapoteza wakati."

"Nyamaza wewe!"

"Asinyamaze!" Bi Hindu alisema. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa ya sukari. Hii ya sasa ilikuwa nyingine kabisa. Mtu mzima mwenye tai kumsukuma binti wa watu mbele, ajifiche nyuma ya aproni yake! "Kopo ulimpa wewe. Tena sisi hatuna haja ya kubishana. Mizani si ile pale?"

Alielekeza kidole kwenye mizani ya mbogamboga, ile wanayopimia nyanya na vitunguu. Akaenda, akaweka pakiti juu yake. Tarakimu nyekundu zikawaka, kila mtu akaziona: 0.880. Akaweka nyingine. Zainab akaweka za kwake. Mwanamume mmoja aliyekuwa na troli akatoa sukari yake akajipanga nyuma, kisha akakumbuka kwamba hata maharagwe aliyochukua yamepakiwa na nyumba hiyo hiyo, nayo yalipungua. Foleni ikawa ndefu kuliko ya kulipia. Kila pakiti iliposhuka mizanini mtu aliisoma kwa sauti, na kila iliposomwa watu waliguna. Msichana wa mbogamboga alikunja mikono akatazama dari, lakini mizani hakuizima.

Baada ya nusu saa ya kuzungumza na simu, Eugene aliuondoa ubao mwekundu kwa mikono yake mwenyewe, akatangaza kwamba mwenye risiti atarudishiwa pesa. Bi Hindu alikuwa na risiti yake. Yeye huzitunza zote. Zainab hakuwa nayo. Alikuwa amewashia jiko.

"Pakiti zina jina lenu," Bi Hindu alisema. "Risiti ya nini tena? Kuna mtu mwingine Malindi anayepakia sukari kwa jina la Kapu Kubwa?"

"Ni utaratibu, mama."

Wenye risiti walikuwa wachache. Wengine wakarudi na pakiti zao pungufu, na Zainab njia nzima hakumwambia Bi Hindu neno.

Jumanne iliyofuata Bi Hindu alipofika Kapu Kubwa yule mlinzi hakumpekua. Alimwinamia akamnong'oneza, "Yule msichana wa ghalani alifukuzwa Jumamosi, mama. Hata mshahara wa siku zake hakupewa wote. Wamesema wamemkata kwa hasara."

Bi Hindu alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa ofisi. "Umemfukuza msichana," alimwambia Eugene. "Na lile kopo? Nalo umelifukuza, au lingali ghalani linaendelea na kazi?"

Eugene alimwashiria mlinzi, na mlinzi akamsindikiza Bi Hindu nje, ameinamisha kichwa kwa aibu. Siku hiyo hiyo Bi Hindu akaenda kushtaki kwa watu wa serikali wanaosimamia vipimo. Waliandika maneno yake, wakamsikiliza kwa adabu. Ofisa alipokuja kukagua, Kapu Kubwa kulikuwa na mizani mpya ghalani na kila pakiti ilikuwa kilo moja kamili. Asingeweza kuandika asichokiona. Bei nayo ilikuwa imepanda ikawa mia na hamsini na nane, ile ile waliyokuwa wakiitoza tangu mwanzo kwa kificho. Bi Hindu alipoiona alicheka peke yake katikati ya supamaketi, kicheko kibaya.

Kupitia kwa mlinzi, Bi Hindu alimpata Hope nyumbani kwa shangazi yake, alikokuwa akikaa. Alimkalisha chini akamwambia, "Wewe umepoteza kazi kwa sababu ya mdomo wangu na ukweli wako. Kukurudishia kazi siwezi. Lakini nina shughuli." Shughuli yenyewe ilikuwa gunia. Mbaruk alikubali kuliagiza kwa muuzaji wake wa jumla na kuwaazima mizani yake, kila mama akatoa cha kwake, na Hope angelipwa kupima na kupakia. Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo gunia lilifunguliwa uani kwa Bi Hindu. Kilo moja ilisimama shilingi mia na arobaini na tatu, malipo ya Hope yakiwa ndani.

Zainab alikuwa wa kwanza kupokea. Aliishika pakiti mkononi, akaipandisha na kuishusha kama anayepima embe.

"Hebu nipimie tena," alisema.

Bi Hindu alihisi damu ikimpanda usoni. Mwanamke huyu, aliyekuwa hanunui kiberiti kabla ya kuisikia sauti yake! Alifungua mdomo kumjibu, kisha akamwona Zainab hamtazami yeye. Alikuwa akiitazama mizani tu, macho makavu, kama mtu aliyekwisha kujifunza jambo na hataki kulisahau.

"Hope, mpimie."

Gramu elfu moja na nne. Zainab akaitia ndani ya ndoo. Hakuomba radhi.

"Za watu wote zipimwe mbele ya macho yao," Bi Hindu akasema, "hata kama ni mpaka magharibi." Akavuta kigoda akaketi kando ya gunia kushikilia pakiti zisianguke. Hasira ilikuwa imemrudia upya, na aliijua ni ya nani. Shilingi zake za sukari Kapu Kubwa walimrudishia. Hili la jirani kutoamini neno lake hawakuwa na utaratibu wa kumrudishia.