Ufunguo wa Baba Mdogo Jukwaani

Nimemharibia jina mtu aliyenilea, tena mbele ya watu wanaopiga makofi. Nimekosa, na jina langu naomba libaki kwangu.

Miaka hii ya soko huria mitumba imejaa Makambako, na kila mwenye mzigo anashukiwa kuuza nguo za msaada. Mimi ni mwalimu Njombe, naongoza kikundi cha maigizo. Tulichukua mchezo wa kale wa Ulaya: mwoka mikate anawalisha wageni makombo, huku mikate mizuri ameifungia stoo. Nikaona humo kejeli iliyofichwa: karamu ile ni Meza ya Bwana, na mwoka mikate ni mtumishi wa kanisa. Nilijiona mjanja kweli!

Ili watu wasipitwe, nikamvika mwigizaji koti la kahawia na ufunguo wa kuning'iniza shingoni. Hivyo ndivyo anavyovaa baba mdogo aliyenilea, mwinjilisti wa mtaa wetu, mtunza stoo ya mablanketi ya msaada. Kabla ya kuanza nikatangaza: "Kila mtakachokiona kina siri yake. Itafuteni!"

Tulipoigiza Makambako, watu walicheka tu, hawamjui baba mdogo. Tulipoigiza Njombe, walicheka huku wakigeuka kumtazama pale alipokaa. Naye alikuwa akicheka, mpaka alipouona ule ufunguo. Akajishika kifuani, pale unaponing'inia wa kwake. Mungu wangu!

Wazee wa kanisa wakaniita.

"Sema mwalimu, stoo umeona nini?"

"Sijaona kitu, wazee wangu. Ni mchezo tu."

"Mchezo tu? Si wewe uliyesema kila kitu kina siri?"

Stoo ikafunguliwa. Mablanketi yote yalikuwemo. Haikusaidia! Watu wakasema ameyarudisha baada ya kushtuka. Sokoni vijana wakawa wanamsalimia, "Kamwene, mwoka mikate! Leo umetufichia nini?" Akakabidhi ufunguo, na uinjilisti akauacha.

Nami nimenasa. Nikimtetea, watasema namficha ndugu. Nikinyamaza, watasema nimekubali. Nikihama, watasema nimekimbia aibu yake. Basi nabaki, tunakula meza moja kila jioni.

Juzi akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hebu nieleze na mimi. Ule ufunguo ulimaanisha nini?"

"Haukumaanisha kitu, baba."

Akavuta sahani yake.

"Sawa, mwalimu."

Maisha yangu yote hajawahi kuniita hivyo!

Ninyi mnaoigiza, msimvike mwigizaji koti la mtu aliye hai, halafu mkawatuma watu kutafuta siri. Watatafuta! Na siku mtakayowaambia hakuna kitu, hata mwenye koti hatawaamini.