Mtama Ambao Ndege Hawakuula

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu ndege hawakuja wenyewe. Walitumwa. Mvua ikikata, yupo aliyeifunga. Ng'ombe akiharibu mimba, yupo aliyemtazama vibaya. Na kwelea kwelea wakishuka kwenye mtama, basi yupo aliyewaonyesha njia. Jumapili tulijaa kanisani tukaimba mpaka bati likatetemeka, lakini tulipotoka tulizikuta hofu zetu zikitusubiri mlangoni. Watu wa mjini nikiwaanzia habari hii hupenda kucheka. Mimi haijanichekesha hata siku moja.

Kijiji chenyewe kiko upande wa Mvumi, kwenye tambarare ambako mvua huja mara moja kwa mwaka na ikishaondoka haiulizwi. Mashamba yetu ya mtama yalishikana, la huyu na la yule, katikati mstari wa mabua tu. Kabla ya mvua za kwanza kila kaya ilipeleka konzi ya mbegu kwa Mzee Masinga, aliyerithi dawa ya mashamba kwa baba yake. Alizichanganya zote katika ungo mmoja, akazitia dawa, kisha akazigawa upya, kila mtu akaondoka na konzi iliyochanganyika na ya jirani zake. Hizo ndizo zilizotangulia ardhini. Maana yake hata sisi watoto tuliijua: mwaka huu tutashiba pamoja au tutalala njaa pamoja. Na asiyepeleka mbegu, ilisemwa, ameitoboa nchi, na lolote litakalopita kwenye tundu hilo ni lake.

Dawa ya Mzee Masinga siijui, lakini ule ungo niliupenda, na ninaupenda mpaka leo. Nimeshakaa kwenye mikutano mingi ya watu waliosoma ambayo haikufanya hata robo ya kazi yake.

Mwaka ninaousimulia, mama hakupeleka mbegu. Mdogo wangu Yona alishikwa na homa, ikageuka degedege, tukakimbizwa naye hospitalini Mvumi tukakaa huko mpaka mvua zikaanza. Baba alikuwa amekwenda Kilosa kutafuta vibarua, na kila mwaka alichelewa kurudi zaidi kuliko mwaka uliopita. Mtama mweupe tuliouweka kwa mbegu mama alikuwa ameusaga na kwenda nao hospitalini, maana mgonjwa hulishwa na wa kwao. Yona alipona, Mungu ashukuriwe. Tuliporudi, siku ya ungo ilikuwa imeshapita, wenzetu wanapalilia, na ndani kwetu mbegu iliyobaki ilikuwa ya mtama mwekundu peke yake.

Mtama huo mama aliulima kila mwaka, kipande kidogo nyuma ya nyumba, kwa ajili ya pombe. Wenzake walikuwa wameuacha zamani. Ugali wake unaelekea weusi, na una ukakasi unaokaza ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Miezi ya njaa hata hivyo haimuulizi mtu anapenda nini. Mama Ndahani, jirani yetu wa shamba na rafiki wa mama tangu usichana wao, aliula kwetu mara nyingi, na kila mara alikunja uso.

"Dada, ugali wako huu unamnyang'anya mtu ulimi wake," alikuwa akisema, huku anamega tonge lingine.

Mwaka ule basi mama aliupanda mwekundu shamba zima. Alichelewa, lakini mtama haukumwangusha. Ulipoanza kukomaa, kwelea kwelea wakaja.

Asiyewaona hawezi kuelezwa akaelewa. Walikuja kama moshi unaogeuka geuka, wakitua kwenye shamba suke zima linainama. Alfajiri kila mtoto alikuwa juu ya dungu, kibanda chetu cha miti cha kulindia, na debe la kupiga na kombeo la kurushia mawe. Siku za mwanzo tulipiga wote kwa pamoja. Ishara ikitolewa upande wa mtoni, kijiji kizima kililia kwa madebe, na kundi lilikosa pa kutua likavuka bonde likaenda zake. Nakumbuka mama akisimama chini ya dungu langu na kutabasamu.

Lakini ndege walirudi, na waliporudi walikuwa wengi zaidi. Watu wakachoka, na mtu aliyechoka huanza kupiga hesabu. Ukiwafukuza kwako wanatua kwa jirani. Basi jirani naye anakutazama. Dungu moja likanyamaza mpaka ndege wafike kwake, na la pili likanyamaza vivyo hivyo. Ikawa kila mtu anapiga debe la shamba lake tu, na ndege wakawa wanazunguka humo humo ndani ya kijiji, wanakula kwa huyu, wanahamia kwa yule, kama wageni walioalikwa. Nimekua, nimezeeka kidogo, na bado naamini mtama wa kijiji kile uliliwa siku madebe yalipoacha kulia pamoja. Lakini hakuna aliyetaka kusikia hivyo, maana hapo mkosaji angekuwa kila mtu.

Kwetu hawakutua. Palipo na mtama mweupe, kwelea kwelea hana haja ya kujikaza ulimi na mwekundu. Nilikaa juu ya dungu sina kazi, nikaanza kukamata panzi na kusuka majani. Siku moja mama alinikuta hivyo, akapanda ngazi haraka, uso umembadilika.

"Piga debe, Seche," aliniambia kwa sauti ya chini. "Watu wasikuone umekaa."

"Lakini hawapo, mama."

"Piga hivyo hivyo."

Nikapiga. Nilipiga asubuhi mpaka jioni, shamba likiwa kimya kabisa, mikono ikavimba. Nilidhani mama ananionea. Sasa najua aliona mbali kuliko wengi, na bado hakuona mbali vya kutosha, kwa sababu lile debe ndilo lililotumika kumhukumu.

Maneno yalianza kisimani. Kwanza alitajwa mtu wa mwisho wa kijiji aliyehamia kutoka Kongwa. Kisha akatajwa Mama Ndahani mwenyewe, kwa kuwa shamba lake lilishambuliwa baada ya mengine. Alikuja kwetu analia, mama akamtuliza, akampikia uji. Halafu shamba lake nalo likaliwa likaisha, na maneno yakatafuta pengine pa kukaa. Shamba pekee lililosimama lilikuwa letu. Na nani hakupeleka mbegu kwenye ungo? Na yule mtoto wake, anapiga debe kutwa nzima hata ndege akiwa hayupo, anawasukumia nani?

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado na nguo za kanisani. Mwenyekiti wa kijiji alikaa kwenye meza ya mwalimu, na Mzee Masinga pembeni yake. Wala sitamsingizia Mzee Masinga. Hakusema mama ni mchawi. Alisema tu kwamba nchi imetobolewa, akanyamaza, na ule unyamavu wake uliwatosha.

Mama aliwaeleza habari ya Yona na hospitali. Aliwaeleza kwamba mtama wake ni ule mwekundu wa pombe, ambao ndege hawaupendi, na kwamba hata wazee wao waliulima kwa sababu hiyo. Watu waliangalia chini. Ndipo akageuka kwa Mama Ndahani, aliyekaa dawati la mbele na khanga ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Mama Ndahani, wewe umekula ugali kwangu miaka yote. Waambie una ladha gani."

Nilikuwa dirishani pamoja na watoto wengine na nilimwona vizuri. Alimtazama mwenyekiti, akamtazama Mzee Masinga, akawatazama wale wanawake waliomtaja yeye kisimani wiki iliyotangulia. Mama alisubiri bila wasiwasi, kwa sababu jibu lilikuwa jepesi, neno moja tu ambalo rafiki yake alilisema kila mara kwenye meko yetu.

"Sikumbuki," alisema Mama Ndahani.

Nilimwona mama akikaa chini. Mwenyekiti akatoa uamuzi kwamba, ili amani irudi, shamba lifyekwe. Jumatatu wanaume walikuja na mapanga na nyengo, baadhi yao wajomba zangu, wakaufyeka mtama uliobakiza siku chache tu kuvunwa. Walifanya kazi bila kuimba. Mama alisimama mlangoni amembeba Yona mgongoni, na mimi nilishika upindo wa khanga yake, nikilia kwa hasira kwa sababu nilidhani kosa lilikuwa debe langu.

Ndege hawakuondoka siku ile wala siku iliyofuata. Waliondoka mtama mweupe ulipokwisha, kama wanavyoondoka siku zote.

Kilichofuata ndicho nisichoweza kukimeza mpaka leo. Njaa ilipobisha hodi, wanawake walianza kuja kwenye shamba letu lililofyekwa, kuokota masuke. Hawakuja kwa kificho. Walikuja mchana na vikapu vyao, wakatusalimu, wakainama wakaokota. Mama Ndahani naye alikuja. Hakuna aliyeogopa mtama wa mchawi. Waliusaga, wakaula, na waliobakiza wakaweka mbegu. Mama aliwatazama siku ile yote, jioni akafunga mizigo. Tulihamia Chang'ombe ya Dodoma mjini, kwa shangazi, na mama akaanza kuuza karanga na mboga, kazi iliyotulea na kutusomesha.

Sikurudi kijijini miaka mingi. Mwaka jana alifariki mjomba, nikafunga duka langu la Makole nikaenda kuzika. Nilipokaribia nilidhani nimepotea njia. Mashamba yote, kutoka barabarani mpaka mtoni, yalikuwa ya mtama mwekundu. Nilimuuliza binamu yangu mbegu hii wameipata wapi. Akanijibu kwamba ni ya siku nyingi, ya asili ya hapa hapa.

Kisha, tukiwa kwenye matanga, akanipa habari kama anayeniletea zawadi. Mama Ndahani sasa ni bibi kizee na ameachwa na wanawe. Mtama mwekundu unamfunga tumbo, kwa hiyo alipanda kijishamba cha mweupe, peke yake kijiji kizima. Kwelea kwelea walipopita, walitua pale. Watu wakasema ndiye anayewaita. Wamemfyekea.

Nilifurahi, na sitadanganya. Nilifurahi kwenye matanga ya mjomba wangu, nikajifunika khanga watu wadhani nalia. Nilirudi Dodoma na habari ile kama mtu aliyebeba nyama, nikamweka mama kitako nikamsimulia yote.

Mama hakufurahi. Aliuliza tu anakula nini sasa. Nikamwambia sijui. Siku chache baadaye alinikabidhi ndoo ndogo ya unga mwekundu, ambao mpaka leo huununua sokoni na kuula peke yake, wajukuu wakimkimbia.

"Mpelekee," alisema. "Akila, atakumbuka."

Nilimwambia unga huo utamuumiza tumbo. Akasema atakayekula kidogo hautamuumiza. Sikujua kama ninatumwa na chakula au na fimbo, na nikiwa mkweli, ndiyo sababu nilikubali kwenda.

Nilimkuta Mama Ndahani ameketi nje ya nyumba yake, kivulini, kuku wanachakura miguuni pake. Nilimpa shikamoo, nikajitambulisha. Alinishika mkono akakaa nao muda mrefu. Nikafungua ndoo, nikamwambia imetoka kwa Mama Seche. Alichovya kidole kwenye unga, akalamba, akakunja uso ule ule wa zamani, na machozi yakamtoka.

"Una ukakasi," alisema. "Ulikuwa na ukakasi siku zote. Nilijua, mwanangu. Wote tulijua."

Nilikuwa nimeingoja sentensi ile tangu dirishani pale shuleni. Nilipokuwa msichana niliwahi kuipanga nitakavyoijibu. Ilipokuja nilijikuta nageuka kutazama kama kuna jirani yeyote karibu, mwanamke anayetwanga, mtoto anayepita, mtu yeyote. Hapakuwa na mtu.

Miaka yote niliwalaumu kwa ujinga, nikiamini kwamba wangeelimika wasingetufanyia vile. Heri ingekuwa ujinga. Watu wale walijua ladha ya mtama ule kwa ndimi zao wenyewe. Ndege hawakuwatisha sana, na uchawi haukuwatisha sana. Kila mmoja aliogopa aliyeketi naye dawati moja, akaona ni salama zaidi kusahau. Na tangu siku ile, nijuavyo mimi, ule ungo wa mbegu haujachanganywa tena. Kila mtu hupanda zake.

Nilimweleza mama niliporudi, neno kwa neno, nikidhani nimemletea kile alichokuwa akikidai maisha yake yote. Alikuwa anachambua mchicha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Nani mwingine alisikia?" aliniuliza.

"Hakuna, mama. Tulikuwa sisi wawili tu."

"Basi hajasema," alisema mama, akaendelea kuchambua mboga zake.