Mji Mzima kwa Saa Sita

Kwa mujibu wa kikaratasi ambacho mwongoza watalii mmoja alikitunga mwenyewe na kukikunja mara tatu, mji ule wa pwani ulikuwa na mambo kumi ya kuonwa, nayo yalimalizika kwa saa sita, pamoja na chakula. Makumbusho yalipewa dakika kumi na mbili. Bahari, ambayo bila yake mji wenyewe usingekuwapo, ilipewa tisa. Mwongoza watalii huyo aliitwa Bendera, kwa sababu ya kibendera cha manjano alichokiinua juu hata alipokuwa na mgeni mmoja tu. Alijisifu kwamba kwa miaka minane hajapata kumchelewesha mtu. Iwapo wageni wake walirudi wakiwa wameona chochote, hilo halikuwa katika ratiba.

Siku hiyo wageni walikuwa watatu, na hawakuwa watalii. Walifika kwa basi la alfajiri na wangeondoka kwa basi la saa kumi jioni, na kati ya mabasi hayo mawili walitakiwa kuamua kama Bendera aoe kwao au asioe. Baba mdogo na mama mdogo wa mchumba wake walikuja kwa ajili ya adabu. Mwenye kauli alikuwa shangazi, mkunga mstaafu, mwembamba, asiyecheka ovyo, aliyemlea binti huyo tangu akiwa na miaka minne.

"Mwanangu, tungekaa tu mahali tukazungumza," shangazi alisema kabla hata ya kupanda gari.

"Ipo, Shangazi. Namba saba: mazungumzo na mapumziko, bustani ya bandarini."

Mama mdogo alimtupia jicho mumewe. Mumewe alikuwa ameshaambiwa atazame kulia, akatazama kulia.

Soko la samaki waliliona bila kushuka. Makumbushoni Bendera alitembea kinyumenyume, kama kazi yake ilivyomzoesha, akitaja miaka na vipimo kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofaulu mtihani. Dakika ya kumi na mbili ilipotimia alisimama nje ya gari, akahesabu vichwa kupitia dirishani: kimoja, viwili, vitatu. Wakaondoka.

Ni kule kwenye mnara wa taa, alipokwisha kueleza kwamba urefu wake ni mita ishirini na saba na nusu, ndipo sauti nzito ilipotoka kiti cha nyuma.

"Samahani, kaka. Na chakula nacho kimo ndani ya tiketi ya makumbusho?"

Bendera aligeuka. Kwenye kiti cha shangazi alikaa mama mnene mwenye kofia pana, asiye na undugu na yeyote mle garini.

"Mama, wewe ni nani?"

"Si uliinua kibendera ukasema twende upesi? Nikaja upesi."

"Na shangazi?"

"Mimi nilidhani umempangia gari jingine," alisema baba mdogo, macho yangali kulia. "Mwenye ratiba ni wewe."

Walimkuta shangazi palepale makumbushoni, chumba cha pili, ameketi kwenye benchi mbele ya kitanda cha chuma cha wodi ya kale. Bendera alikuwa amekipita kitanda hicho kwa maneno mawili. Shangazi alikuwa amekitazama kwa karibu saa nzima, na alionekana kuwa mtu pekee aliyefurahia matembezi ya siku hiyo.

"Naomba radhi sana, Shangazi," Bendera alisema, jasho likimtiririka. "Lakini hesabu ilitimia."

Hapo ndipo alipojimaliza.

"Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na moja," shangazi alisema taratibu. "Sijapata kumkabidhi mama mtoto wa mwenzake eti kwa sababu idadi imetimia. Sasa niambie. Mwanetu ana kovu. Liko wapi?"

Bendera alifungua mdomo. Kilichokuwa tayari ulimini ni urefu wa mnara.

"Sijui, Shangazi."

"Basi nenda ukamtazame. Sisi tutakaa ukutani hapo nje tuione bahari, pamoja na huyu mama wa kofia. Ukishajua, nipigie kabla basi halijaondoka."

Mchumba wake alishona mapazia katika karakana iliyokuwa nyuma ya posta. Alipoelezwa yaliyotokea alicheka hadi akalazimika kuzitema pini alizozibana midomoni. Kisha akakunja mkono. Nyuma ya kiwiko cha kushoto palikuwa na kovu la pasi, upana wa kidole gumba.

"Miaka mitatu, Bendera. Na mimi huvaa mikono mifupi."

Bendera akapiga simu. "Shangazi, liko nyuma ya kiwiko cha kushoto."

"Umeliona au umeonyeshwa?"

Alimtazama mchumba wake amwokoe. Mchumba wake aliinamia cherehani.

"Nimeonyeshwa."

Simuni ulisikika mngurumo wa basi. "Afadhali uongo huna," shangazi alisema. "Kwa leo jibu ni hapana. Mwezi wa tisa nitarudi, nikuulize mengine." Simu ikakatika.

"Mwezi wa tisa ni mbali," Bendera alilalama.

"Kwa macho kama hayo yako, ni karibu mno," mchumba wake alisema, akimpa upindo wa pazia. "Kaa. Shika huku, na usinieleze kitu."