Mtoto wa Karatasi Nyekundu

Siku ile naikumbuka kwanza kwa harufu: uji wa unga wa muhogo tulioupika kuwa gundi, na magome ya mdalasini juu ya uchaga, tumeyaanika jikoni kwa sababu nje hapakuwa na jua. Ilikuwa siku ya kuamkia Idi, hapa hapa Kinole, kwenye nyumba hii hii unayotaka kuipamba, mwanangu Rehema.

Makaratasi yako nimeyapokea. Manila za rangi zimefika, mkasi umefika, na mpango wako nimeusoma: nyota moja kwa kila mtu atakayekuja kula Idi, jina katikati, zote zitungwe kwenye uzi kutoka mlangoni hadi dirishani. Mpango mzuri, siukatai. Nimeshakata ya mume wako, za kaka zako, na yangu, ambayo imepinda pembe moja maana mkono siku hizi unatetemeka. Nilipofika kwenye ile nyota ndogo uliyoniambia niandike "Mtoto", ya huyo uliyembeba tumboni, mkasi nikauweka chini. Nikaona bora nikuandikie kwanza. Shule niliishia la saba, na sina hakika kama nakumbuka yote sawasawa. Nisipojua nitasema sijui.

Wakati huo nilikuwa msichana. Shuleni nilikuwa nimejifunza kukata watu wa karatasi: unaikunja karatasi kama upepeo, unachora nusu mtu kwenye mkunjo, unakata, ukiikunjua wanatoka watu wameshikana mikono. Siri yake ni mikono ifike hadi kwenye mkunjo, la sivyo wanaachana. Basi Idi ile nikakata ukoo mzima, mtu mmoja kwa kila atakayekuja, nikauning'iniza juu ya mlango. Bibi yetu aliyetulea, mimi na mama yako, nilimkata na mkongojo wake. Mama yako Zuhura alikuwa ameolewa Mikese, na siku ile alikuwa njiani kuja. Alikuwa na mimba. Nakuambia mapema usome kwa utulivu: mimba ile ni wewe.

Mimi nilikuwa na furaha kupita kiasi. Kwenye mkono wa Zuhura wa karatasi nikabandika mtoto mdogo, nimemkata kwenye karatasi laini nyekundu, ile inayotoa rangi ikilowa. Alipendeza kuliko wote.

Bibi alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele wa pilau. Akainua macho.

"Tatu, huyu mwekundu ni nani?"

"Mtoto wa Zuhura, Bibi."

"Kazaliwa lini?"

"Bado, Bibi, si unajua."

"Sasa umemwita aje kufanya nini?"

Mjomba Salehe, mwana wa Bibi, akacheka. "Mama, hiyo ni karatasi. Mwache mwenzio. Mbona mimi kanikata bila kitambi na sijalalamika?"

"Wewe kitambi chako kimeshazaliwa," Bibi akamjibu.

Tulicheka sote isipokuwa yeye. Nikamwambia ni pambo tu. Hakunilazimisha kulitoa, na hilo ndilo lililonisumbua baadaye. Alisema tu, "Basi. Umeshamwita," akarudi kwenye mchele wake.

Mchana ukungu ukashuka. Unaujua wa kwetu, haugongi hodi. Uliingia chini ya mlango, ukapanda, wale watu wa karatasi wakaanza kulegea na kujikunja. Mlango ulikuwa umefungwa, upepo haukuwepo, lakini walikuwa wanajongea, mmoja anamsukuma mwenzake. Najua karatasi ikipata unyevu hufanya hivyo, nimeona mara nyingi tangu siku ile. Nikatoka kuchota maji. Niliporudi, yule mwekundu hakuwepo.

Mkono wa Zuhura wa karatasi ulikuwa wazi, kiganja kimebaki na rangi nyekundu. Nikatafuta chini ya mikeka, kwenye majivu, kwenye ungo wa mchele. Mjomba akaapa hajagusa. Bibi alikuwa pale pale kigodani. Sikumwona akiinuka, ila nilitoka, kwa hiyo na mimi siwezi kuapa.

Bibi akaweka ungo chini, akajitanda khanga. "Twendeni tukampokee Zuhura."

"Mama, gari lenyewe hatujui kama limefika," Mjomba akasema.

"Limefika."

Tukateremka kuelekea kijitoni. Ukungu ulikuwa mzito, Mjomba aliyetangulia nilimjua kwa kikohozi tu. Wakati huo pale palikuwa na magogo mawili ya kuvukia, si hili daraja la zege. Tukavuka. Upande wa pili tukamkuta mama yako amekaa juu ya jiwe, kapu la mchele liko miguuni, anatazama kule alikotoka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona umekaa, umeumia?"

"Sijaumia. Namngoja huyu mtoto, hataki kusogea."

Bibi ndiye aliyeuliza, taratibu, kama anauliza bei ya ndizi. "Mtoto gani, mama?"

"Huyu ananifuata tangu nilipoteremka kwenye gari. Kavaa nguo nyekundu. Nikitembea anatembea, nikisimama anasimama. Nimemwita hasemi. Nikajua mmemtuma anipokee."

Tukatazama. Palikuwa na ukungu na migomba.

Mama yako akainuka kutuonyesha kwa kidole, na hapo nikaona khanga yake kwa nyuma. Ilikuwa na wekundu, umeenea. Mwanangu, nilitamani sana iwe rangi ya karatasi. Nilisimama pale naomba iwe rangi ya karatasi.

Bibi aliiona. Hakupiga kelele. Alimkalisha mama yako tena juu ya jiwe, akageukia ule ukungu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwita mtu aje ale:

"Mjukuu wangu, umekuja mapema. Kosa si lako, umeitwa. Rudi kwa mama yako ukae. Siku yako ikifika tutakuja wote kukupokea, na jina tutakupa siku hiyo."

Hata kijito nilikuwa sikisikii. Kisha nikasikia kwenye tope, chap, chap, chap, nyayo ndogo, zinakuja kwetu. Zilifika karibu na jiwe, zikakoma.

Mama yako akaweka mkono tumboni. "Amecheza," akasema, na machozi yakamtoka. "Tangu asubuhi alikuwa hajacheza."

Mjomba Salehe hadi anakufa alishikilia kwamba ni chura. Huenda. Alimbeba mama yako mgongoni hadi zahanati, na nesi akasema ni uchovu wa gari na kupanda mlima na lile kapu, akamlaza, akamkataza kazi hadi siku ya kujifungua. Nesi naye naamini alisema kweli. Nayaandika yote mawili, wewe upime.

Idi ile tulikula pilau kule kule zahanati, kwenye mabakuli. Jioni tuliporudi Bibi aliwashusha wale watu wa karatasi mwenyewe, akawakunja mmoja juu ya mwingine.

"Kupanga si vibaya, Tatu," akaniambia. "Panga mchele, panga mikeka, panga nani alale wapi. Lakini mtu aliye njiani mwachie nafasi, usimvute mkono. Atakuja kwa miguu yake."

Ukazaliwa wakati wa kuchuma pilipili manga, mzima, unalia hadi kwa majirani.

Liko jambo moja sijawahi kukwambia. Ulipoanza kusema vizuri nilikuwa navuka nawe pale kijitoni. Ukaniachia mkono, ukaenda kukaa juu ya lile jiwe, ukasema, "Mama mdogo, hapa ndipo niliposimama. Ulinitazama, hukuniona." Nikajiambia umesikia watu wakisimulia. Inawezekana. Ila mimi sikuwahi kusimulia mbele yako, na mama yako alikuwa hapendi kabisa habari ile itajwe.

Ndiyo maana jana uliponipigia simu, ukaniambia umeshakata nyota ya mfano, nyekundu, umeibandika kwenye kioo chako huko mjini, nilinyamaza. Hukukatikiwa na mtandao. Nilikuwa nasikia mtoto anacheka karibu nawe. Nikakuuliza uko na nani, ukasema uko peke yako. Pengine ni redio ya jirani, masikio yangu si ya kutegemea.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Pamba nyumba. Kata, kunja, bandika, andika majina ya wote tuliokwisha kufika duniani, maana kazi ya mkono inamwonyesha mtu kwamba alingojwa. Ila anayekuja usimwandikie jina wala usimkatie umbo. Mwachie uzi mtupu pembeni, nafasi ya kumtosha. Karatasi yake nimeiweka kabatini, kavu, nzima, haijaguswa na mkasi. Ile ya kwenye kioo ibandue leo, taratibu, isichanike, uje nayo mkononi.

Mungu akulinde barabarani, akukutanishe na mwanao kwa saa yake, si kwa saa yetu, na akupe mikono ya kumpokea. Ukifika darajani ukasikia hatua nyuma yako, usigeuke na usiite. Vuka. Nitakuwa nimesimama upande wa huku, na maneno ya Bibi nayakumbuka yote.