Nilinyoosha kaunda suti kwa mvuke wa ndizi, nikamkosa Adventina

Wakuu, heshima yenu. Wadogo zangu, marahaba.

Kuna kijana kaweka uzi humu anasifia mashine ya mvuke ya kunyooshea nguo, eti teknolojia mpya. Nimecheka kwa hasira. Mvuke naujua tangu miaka ya themanini mwanzoni, na ulinigharimu mke.

Anayetaka kusema hii chai apite tu. Mimi nimeishia la nne, hadithi za kutunga siziwezi.

Nilianza maisha kama kibarua. Mama yangu alitoka Burundi. Misimu mitatu nilichuma kahawa Ihanda, kule Karagwe, kwenye shamba la mzee mmoja, mkewe akinipakulia chakula kwa mkono wake.

Baadaye nikapata pori langu kule Nkwenda, nikalifyeka mwenyewe, nikapanda kahawa yangu. Ndipo nikatuma mshenga kwa yule yule mzee. Namtaka binti yake, Adventina.

Wakakubali. Baba zake wadogo walinuna, ila wakakubali. Ikabaki siku ya kwenda kujitambulisha rasmi.

Nguo zilikuwa shida nchi nzima wakati ule. Nilihangaika mpaka nikapata kaunda suti ya tetroni. Nikaifunga kwenye keria ya baiskeli, nikakanyaga kutwa nzima kwenye matope, nikalala kwa Ma Koleta, dada wa mshenga wangu, jirani na ukweni.

Asubuhi naifungua, imejikunja kama jani la mgomba lililokauka.

"Ma Koleta, pasi iko wapi?"

"Pasi ni moja tu hapa, ya mwenye duka. Na leo iko kwa wakwe zako, wananyoosha nguo za kukupokea wewe, bwana harusi."

Akacheka, akanionyesha jikoni. Sufuria la ndizi lilikuwa linachemka, limefunikwa majani. "Funua, shikilia nguo juu ya mvuke. Usiigusishe. Ivute kwa mikono."

Wakuu, inafanya kazi. Shika nguo shubiri moja juu ya sufuria, vuta mshono taratibu, kisha itundike ikauke kabla ya kuvaa. Usiwe na haraka.

Tatizo, nguo nilizokuja nazo zilikuwa zimelowa tope. Suruali nayo ilihitaji mvuke. Nikajifunga kitenge cha Ma Koleta, kifua wazi, nikaanza kazi.

Sasa wasiojua mila za kwetu wasikie. Posa ikishakubaliwa, wewe na mama mkwe hamuonani hovyo. Mkikutana njiani, mmoja anaingia migombani.

Na pasi ya mkaa inakula makaa. Kule ukweni makaa yakaisha, mabinti wote wako kwenye kumenya ndizi. Mama akaja mwenyewe na kigae chake kuomba moto.

"Hodi, Koleta, nigawie..."

Akaniona. Mwanaume, kitenge cha mwanamke, kifua wazi, nimeinamia sufuria.

"Yesu wangu! Mkwe!"

Kigae kikaanguka, akajifunika kanga usoni, akakimbia. Mama yule yule aliyenipakulia misimu mitatu.

Kabla suruali haijakauka habari ilishafika barazani ukweni. Baba mdogo wa Adventina alipaza sauti makusudi niisikie: "Kibarua ni kibarua tu! Leo kaingia jikoni na kitenge, kesho ataingia chumbani kwa mama yake mkwe!"

Mshenga akaja anahema. "Nimewabembeleza. Wanataka mbuzi mmoja, na upige goti. Yaishe leo leo."

"Nipige goti kwa kosa gani? Nilikuwa nanyoosha nguo, jikoni kwa dada yako."

"Mwanangu, hakuna anayeuliza kosa. Piga goti, uoe."

"Nimefyeka pori peke yangu. Simpigii goti mtu anayeniita kibarua."

Nikavaa suti yangu, imenyooka kama imetoka dukani leo, nikapanda baiskeli. Sikuaga.

Nilijua watanifuata. Hawakunifuata. Msimu ule ule wa kahawa Adventina aliolewa.

Miaka ikapita. Siku moja niko Omurushaka nasubiri basi la Bukoba, nikamwona na watoto watatu.

"Shikamoo, kaka."

Kaka! Nikaitikia marahaba, nitafanyaje.

Akaniangalia kidogo, akasema, "Nilikaa mlangoni kwetu wiki mbili nasikiliza kama kuna mbuzi analia. Ulishindwa mbuzi mmoja?"

Basi likaja, akapandisha watoto wake.

Wakuu, nilikuwa na mbuzi saba zizini.

Somo mlichukue wenyewe. Vijana, mvuke utumieni, ila kwanza ulizeni jiko ni la nani na nani anaingia humo. Na ninyi mnaojua mila za Karagwe, shukeni hapa mniambie bila kunionea aibu, nilikosa au sikukosa?

Mimi mpaka leo nasema sikukosa.

Lakini yule mbuzi ningempeleka.